Vituo ni mia, wenyewe ni wanne: hasara iko wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa somo la uraia. Majuzi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba vyombo vya habari vikishikwa na watu wachache, demokrasia huumia. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kwenye simu yangu tu kuna vituo na kurasa nisizoweza kuzimaliza? Na huyo tajiri mwenye televisheni, si yeye anayesoma taarifa ya habari." Darasa likacheka, nami sikuwa na jibu la kuwatosheleza. Naomba unieleze hasara yenyewe ni ipi, ushahidi uko wapi, na mtu wa kawaida anaweza kufanya nini.

Jibu: Mwalimu, kijana wako amehesabu vituo, na hesabu yake ni sahihi. Lakini hesabu inayoihusu demokrasia ni nyingine: ni watu wangapi wenye uwezo wa kusema "habari hii isitoke", na kweli isitoke. Vituo vinaweza kuwa mia na watu hao wakawa wanne. Nikitaka kumwonyesha mtu tofauti ya hesabu hizi mbili huwa naanza na Peru, kwa sababu huko kila kitu kilikuja kuwekwa hadharani: majina, tarehe, na fedha zenyewe.

Alberto Fujimori aliitawala Peru kuanzia 1990 hadi 2000. Uchaguzi ulikuwepo, bunge lilikuwepo, mahakama zilikuwepo, na baadhi ya magazeti yalimpinga waziwazi. Aliyeshika hatamu za idara ya ujasusi alikuwa Vladimiro Montesinos. Huyu aliwahonga majaji, wabunge na wenye televisheni, akawarekodi kwa kamera za siri wakipokea, na akazitunza kumbukumbu zote. Utawala ulipoanguka, kumbukumbu hizo zikawa ushahidi. Mwaka 2004 wachumi wawili, John McMillan na Pablo Zoido, walizipanga hongo hizo kwa viwango. Walichokikuta ndicho ninachotaka wanafunzi wako wakitafakari: hongo ya kawaida ya mwenye kituo cha televisheni ilikuwa kubwa kama mara mia kuliko ya mwanasiasa, na ya mwanasiasa ilizidi kidogo ile ya jaji. Kituo kimoja peke yake kililipwa mara tano ya jumla ya hongo zote za wanasiasa wa upinzani.

Montesinos alikuwa akinunua usalama wa utawala, na alimlipa kila mtu kwa kadiri ya madhara ambayo mtu huyo angeweza kuuletea. Vitabu vyetu vya uraia huorodhesha bunge, mahakama na vyombo vya habari kama ndugu watatu walio sawa. Yule aliyekuwa na kazi ya kuwanyamazisha wote watatu aliona televisheni ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa mbali. Jaji akitoa hukumu ya haki na isitangazwe, watu hawaijui. Mbunge akipiga kelele bungeni na kamera ikageuzwa pembeni, kelele zake zinaishia ukumbini.

Kulikuwa na mmiliki mmoja aliyekataa. Baruch Ivcher, mwenye hisa nyingi za kituo cha Frecuencia Latina, alirusha mwaka 1997 taarifa kuhusu mateso na maovu mengine ya vyombo vya usalama. Ivcher alizaliwa Israeli, akawa raia wa Peru baadaye. Serikali ilimvua uraia, na kwa kuwa sheria ilikataza mgeni kumiliki kituo cha televisheni, kituo kikapita mikononi mwa wenye hisa chache waliokuwa tayari kuelewana na wakubwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba alidhulumiwa. Angalia jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi: kumgusa mtu mmoja kulitosha kugeuza kituo kizima.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa Peru ulitoka kwenye kituo kidogo cha kebo, Canal N, chenye watazamaji wachache waliokilipia kila mwezi. Montesinos hakuwa amekinunua. Tarehe 14 Septemba 2000 kituo hicho kilionyesha video ya Montesinos akimkabidhi mbunge wa upinzani fedha ili ahamie upande wa serikali. Vituo vikubwa havikuweza tena kukaa kimya, maana mji mzima ulikuwa ukiizungumzia. Siku mbili baadaye Fujimori alitangaza uchaguzi mpya ambao yeye asingegombea, na kuvunjwa kwa idara ya ujasusi. Novemba alikuwa Japani, na bunge likamwondoa.

Kwa nini kituo kidogo namna hiyo kiliweza kuuangusha utawala ulioweza kuvinunua vikubwa vyote? Wachumi Timothy Besley na Andrea Prat walilieleza jambo hili vizuri mwaka 2006, nami nitalisema kwa maneno mepesi. Chukua nchi yenye vituo vinne na wamiliki wanne wasiohusiana. Watatu wakinyamaza, wa nne akisema, watu wote watahamia kwa wa nne, kwa kuwa ndiye pekee mwenye habari. Kwa hiyo kila mmoja wa wanne anajua kwamba ukweli anaoukalia una thamani ya soko zima, na atadai bei hiyo kabla ya kukubali kunyamaza. Anayetaka kimya itambidi alipe soko zima mara nne. Wakiwa kumi, mara kumi. Lakini vituo vyote vikiwa vya mtu mmoja, atalipa mara moja tu, hata kama mtu huyo ana vituo mia mbili vyenye majina mia mbili.

Hilo ndilo jibu langu kwa kijana wako. Umiliki ukikusanyika mikononi mwa wachache, bei ya kimya hushuka. Mmiliki anaweza kuwa mtu mwema, mcha Mungu, mpenda nchi yake, na bei ikashuka vilevile, kwa kuwa waliobaki wa kuwashawishi au kuwatisha ni wachache.

Bei hiyo si lazima ije ndani ya bahasha. Siku hizi wamiliki wengi wakubwa wa vyombo vya habari wanapata riziki yao kubwa kwingine: ujenzi, nishati, benki, madini, simu. Kwa mtu wa namna hiyo gazeti ni sehemu ndogo ya mali, na serikali ina njia nyingi za kumfikia bila kuligusa gazeti lenyewe. Anangoja zabuni, ana mkopo wa benki ya umma, ana hesabu za kodi zinazokaguliwa. Kampuni ya Doğan ya Uturuki, iliyokuwa na gazeti la Hürriyet na kituo cha CNN Türk, ilitozwa mwaka 2009 kodi na faini za takribani dola bilioni 2.5. Mwaka 2013 maandamano makubwa yalipozuka jijini Istanbul, CNN ya kimataifa iliyarusha moja kwa moja. Saa hizohizo CNN Türk ilikuwa ikionyesha filamu ya maisha ya pengwini, na pengwini wakawa alama ya waandamanaji. Mtu aliyewahi kuletewa faini ya namna ile hangoji kupigiwa simu. Mwaka 2018 Doğan iliuza vyombo vyake kwa kampuni ya Demirören, ambayo nayo imo kwenye nishati na ujenzi.

Sasa tuje kwenye hoja ya pili ya kijana, kwamba tajiri hasomi taarifa ya habari. Nilifanya kazi ya uhariri kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye utafiti. Katika chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi, mmiliki hakuwahi kunipigia simu hata mara moja. Sote tulijua kampuni zake nyingine ni zipi. Mwandishi mmoja kijana alileta taarifa ya wafanyakazi wa mojawapo ya kampuni hizo ambao walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Tukamwambia aongeze chanzo. Akaongeza. Tukamwambia asubiri kauli ya uongozi. Kauli haikuja, taarifa ikakaa mpaka ikachacha. Hakuna aliyetoa amri na hakuna aliyesema uongo, kila hatua ikitazamwa peke yake ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Lakini taarifa kama ile kuhusu kampuni ya mtu mwingine ingetoka kesho yake asubuhi, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa nikimwambia asubiri. Yule kijana hakuleta tena taarifa ya aina hiyo. Hivyo ndivyo mkono wa mmiliki unavyofika mezani bila yeye kuwepo: kupitia mhariri anayemteua, kupitia bajeti, na kupitia woga wa watu wanaotaka kuendelea kupata mshahara. Pale penye waajiri kumi, mwandishi aliyekerwa anaweza kubeba daftari lake akavuka barabara. Waajiri wakiwa wawili, naye akagombana na mmoja, kazi yenyewe inaweza kuwa imeisha. Mimi naamini hasara hii ya ajira inasemwa kidogo mno, na waandishi wote wanaijua.

Wakati mwingine mkono unaonekana waziwazi. Mwaka 2018 nchini Marekani ilisambaa video iliyounganisha makumi ya watangazaji wa miji tofauti wakisoma maneno yaleyale, neno kwa neno, kuwaonya watazamaji dhidi ya habari za uongo. Kila mmoja alikuwa na sura inayoaminika mjini kwake na nembo ya kituo cha mji wake. Vituo vyote vilikuwa vya kampuni moja, Sinclair, na maneno yalitoka makao makuu. Watafiti Gregory Martin na Josh McCrain walivifuatilia vituo ambavyo kampuni hiyo ilivinunua mwaka 2017, wakavilinganisha na vituo vingine vya miji ileile. Baada ya kununuliwa, habari za mji zilipungua, za siasa za kitaifa zikaongezeka, na mwelekeo ukasogea upande wa kihafidhina. Watazamaji wa mji ule hawakubadilika kwa mwezi mmoja. Kilichobadilika ni mwenye kituo. Mwulize kijana wako: kama angekuwa mjini pale, akihesabu vituo kwa majina, angegundua chochote?

Hungary inajibu swali hilohilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Oktoba 2016 gazeti la Népszabadság, kubwa la upinzani, lilisimamishwa ghafla siku ya Jumamosi, na waandishi wakajikuta wamefungiwa nje. Muda mfupi baadaye kampuni iliyolimiliki iliuzwa kwa watu walio karibu na chama tawala. Kufikia 2017 magazeti yote ya kila siku ya mikoani yalikuwa mikononi mwa marafiki wa serikali. Halafu Novemba 2018 wamiliki hao walitoa zaidi ya vyombo 400 kama zawadi, bila kulipwa chochote, kwa wakfu mmoja unaojulikana kwa kifupi kama KESMA. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kwamba muungano huo una umuhimu wa kimkakati kwa taifa, na kwa tangazo hilo mamlaka ya ushindani wa biashara ikazuiwa kuuchunguza. Mtu aliyetoka mkoa mmoja kwenda mwingine alikuta gazeti lenye jina jingine na historia nyingine, la mwenyewe yuleyule.

Je, vyombo hivi hubadilisha kura? Hapa naomba tuwe waangalifu, maana watu hutia chumvi. Mwananchi si chungu kitupu kinachomiminiwa maoni. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walichunguza miji ya Marekani ambako Fox News, televisheni ya habari yenye mwelekeo wa kihafidhina, ilikuwa imeingia kwenye kebo kabla ya uchaguzi wa 2000, wakailinganisha na miji ambako haikuwa imefika. Kura za chama cha Republican zilipanda kwa kati ya pointi 0.4 na 0.7 za asilimia. Ni kidogo. Lakini mwaka ule urais wa Marekani uliamuliwa na jimbo la Florida kwa tofauti ya kura 537.

Utafiti unaonishtua zaidi ni wa Italia, kwa sababu hauhusu habari hata kidogo. Tajiri Silvio Berlusconi alikusanya vituo vitatu vya kitaifa katika miaka ya 1980, vilivyojaa michezo ya bahati nasibu, filamu na vichekesho. Mawimbi yake yalifika baadhi ya sehemu miaka kadhaa mapema kuliko nyingine, kutegemea minara na milima. Ruben Durante, Paolo Pinotti na Andrea Tesei waliitumia tofauti hiyo. Katika uchaguzi wa 1994, ambao Berlusconi aliingia kwa mara ya kwanza na kushinda, chama chake kilipata kura zaidi kwa kiasi cha pointi moja ya asilimia katika sehemu zilizopata burudani yake mapema, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana kwenye chaguzi tano. Watu hawa walikuwa wameangalia burudani tu. Kinachobadilika ni mazoea, lugha, na kile mtu anachokiona kuwa cha kawaida. Alipokuwa tena waziri mkuu, vituo vyake vikibaki mali ya familia na shirika la umma la RAI likiwa chini ya ushawishi wa serikali yake, mwaka 2002 akiwa Sofia, Bulgaria, aliwataja kwa majina watangazaji watatu wa RAI kuwa wametumia vibaya televisheni ya umma. Mmoja wao alikuwa mkongwe Enzo Biagi. Wote watatu walitoweka kwenye skrini za RAI.

Hata hivyo, ukiniuliza hasara kubwa iko wapi, sitasema kwenye kura zilizogeuzwa. Iko kwenye habari ambazo hazikutoka. Kura unaweza kuzihesabu, lakini huwezi kumhoji mtu kuhusu jambo ambalo hakulisikia.

Uingereza inatoa mfano wa kimya cha aina hiyo, na pia wa nguvu kugeuka upande wa pili, mmiliki akawa ndiye anayembana mtawala. Januari 1981 Rupert Murdoch, mwenye magazeti, alikula chakula cha mchana na Waziri Mkuu Margaret Thatcher katika makazi rasmi ya Chequers, akamweleza mipango yake ya kulinunua gazeti la The Times. Aliuziwa bila suala hilo kupelekwa kwenye tume ya ukiritimba, na kumbukumbu za mkutano ule zilitolewa hadharani mwaka 2012 tu. Mwaka huohuo John Major, waziri mkuu wa zamani, aliieleza tume ya Jaji Leveson kwamba Murdoch alimwambia mapema 1997 kuwa asipobadilisha sera yake kuhusu Ulaya, magazeti yake yasingemuunga mkono. Murdoch mwenyewe alikuwa ameiambia tume hiyo kwamba hajawahi kumwomba waziri mkuu yeyote kitu. Tume iliundwa kwa sababu gazeti lake la News of the World lilikuwa limezoea kudukua ujumbe wa simu za watu, pamoja na simu ya msichana aliyeuawa. Kwa miaka polisi na wanasiasa hawakuwa na hamu ya kuligusa jambo lile. Aliyeling'ang'ania mpaka likafumuka mwaka 2011 lilikuwa The Guardian, gazeti ambalo tangu 1936 linamilikiwa na wakfu usioweza kuliuza kirahisi wala kugawana faida yake. Kama ilivyokuwa Peru, alihitajika mmoja tu aliyekuwa nje ya mkono.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo ni ya haki, na wanafunzi wako wanastahili kuisikia. Chombo kidogo mara nyingi ni maskini, na mkono mtupu haulambwi: wakili hulipwa, mwandishi hulipwa, na uchunguzi wa miezi sita hauandikiki bila fedha. Washington Post, gazeti la Marekani, iliweza kusimama katika kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon, kwa sababu ilikuwa kampuni yenye misuli, hata pale leseni za vituo vyake vya televisheni huko Florida zilipopingwa na watu waliohusiana na Rais Nixon. Kwa hiyo mimi sipigi vita ukubwa. Kampuni inaweza kuwa kubwa na bado ikawa moja kati ya nyingi. Nachopinga ni pale ambapo ikinyamaza, hakuna mwingine wa kusema. Tena, hata mmiliki mwenye nguvu na nia njema haachi kuwa mtu mmoja. Jeff Bezos, tajiri mwanzilishi wa Amazon, alilinunua gazeti hilohilo mwaka 2013 kwa dola milioni 250 na kwa miaka kadhaa likastawi. Oktoba 2024, siku kumi na moja kabla ya uchaguzi wa rais, lilitangaza kwamba halitamuunga mkono mgombea yeyote, ingawa tamko la kumuunga mkono Kamala Harris lilikuwa limeshaandaliwa. Bezos alisema ni suala la kanuni, na kwamba hakuna alichobadilishana na mtu. Zaidi ya wasomaji 250,000 walisitisha malipo yao. Msomaji hana njia ya kuupima moyo wa mmiliki, na hapaswi kulazimika kuupima.

Na simu ya kijana? Kurasa zake nyingi zinakula chakula kilichopikwa na wachache. Mtu mmoja amekwenda mahakamani, amekaa kwenye kikao cha baraza, ameomba nyaraka. Wengine mia wanarudia. Wale wa kwanza wakipungua, kurasa hazipungui, ila zote zinabaki zinazungumzia vitu vilevile. Juu ya hapo kuna wenye lango. Agosti 2023 Meta, kampuni yenye majukwaa hayo, ilizifungia habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, kwa kupinga sheria iliyotaka majukwaa yavilipe vyombo vya habari. Mwezi huohuo moto wa misitu ulilazimisha watu wa Yellowknife kuhama mji wao, nao hawakuweza kutumiana viungo vya habari kwenye majukwaa hayo waliyoyazoea. Vyombo vya habari vya Kanada vilikuwa vingi, na uamuzi wa kampuni moja uliviondoa vyote kwenye ukurasa kwa pamoja.

Kuhusu dawa, nitasema ninayoyaamini bila kuyamaliza yote. Kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu kinafanya kazi kuliko maneno matamu. Ujerumani inasema kampuni ikifikia wastani wa asilimia 30 ya watazamaji wa nchi, inahesabiwa kuwa na nguvu ya kutawala maoni, na tume maalumu inaweza kuizuia isikue zaidi. Mwaka 2006 kampuni ya Axel Springer, yenye gazeti la Bild, ilizuiwa kununua kundi la televisheni la ProSiebenSat.1. Katiba ya Brazili ya 1988 inakataza ukiritimba wa vyombo vya habari waziwazi, ila haikuweka namba, na familia chache zimeendelea kutawala. Marekani ilifanya kinyume: mwaka 1996 ilifuta kikomo cha kitaifa cha idadi ya stesheni za redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki, na ndani ya miaka michache Clear Channel ikatoka kwenye stesheni kama 40 hadi zaidi ya 1,200.

Lakini fimbo hiyo isiwe mikononi mwa serikali iliyoko madarakani. Argentina ilipitisha mwaka 2009 sheria ya kupunguza umiliki mkubwa. Kundi la vyombo vya habari la Clarín lilikuwa kubwa kupita kiasi kweli, ila lilikuwa pia kwenye ugomvi na serikali, na watu hawakuweza kutenganisha dawa na kisasi. Serikali iliyofuata iliifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo kwa amri. Poland ilionyesha hatari nyingine: Desemba 2020 kampuni ya mafuta ya serikali, Orlen, ilitangaza kununua kundi lenye magazeti 20 kati ya 24 ya kila siku ya mikoani, kwa hoja ya kuyatoa mikononi mwa Wajerumani. Mmiliki akiwa dola, bei ya kimya haishuki tu, inakuwa bure.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2024 na kuanza kutumika kwa sehemu kubwa Agosti 2025 inagusa sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote: kila chombo kieleze hadharani mwenyewe ni nani, na ni fedha kiasi gani za matangazo kimepokea kutoka serikalini. Muungano wa vyombo vikubwa nao upimwe kwa athari yake kwa wingi wa sauti, pamoja na athari yake kwa bei. Bila majina, hakuna mjadala unaoweza kuanza.

Pia kuna umiliki wa namna nyingine. Nimetaja wakfu wa Guardian. Ujerumani kuna gazeti la taz, ambalo tangu 1992 ni la ushirika wa wasomaji na wafanyakazi wake. Huko Hungary, mhariri mkuu wa tovuti ya Index alipofukuzwa Julai 2020, zaidi ya waandishi 70 walijiuzulu, na wengi wao wakaanzisha tovuti ya Telex kwa michango ya wasomaji. Kwa hiyo swali lako la mtu wa kawaida afanye nini, Mwalimu, lina jibu moja lenye uzito: kama unaweza, lipia chombo kimoja ambacho mwenye nguvu asingependa kiwepo, hata kwa kiasi kidogo. Canal N iliishi kwa watu kama hao.

Kwa darasa lako nina zoezi. Wanafunzi waandike vyombo kumi wanavyovitumia kweli, pamoja na kurasa za kwenye simu. Mbele ya kila kimoja waandike mmiliki. Shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka lilianzisha mradi wa Media Ownership Monitor unaochapisha taarifa hizo kwa nchi nyingi, na kwingine kuna daftari la kampuni au mamlaka ya leseni za utangazaji. Wakikuta kampuni ndani ya kampuni, waendelee kuchimba mpaka wafike kwenye jina la mtu, na pale watakapokwama waandike kwamba wamekwama, maana hiyo nayo ni taarifa. Kisha waandike biashara nyingine za kila mmiliki. Mwisho, wachague mgogoro mmoja wa mwaka huu unaohusu mojawapo ya biashara hizo, warudi kwenye vile vyombo kumi, na waweke alama mbele ya kila kilichouripoti. Yule kijana aliyekuuliza mpe kazi ya kusoma majibu ubaoni.